Inhela Iliyorudi na Bakuli

Akina mama wenzangu huhesabu makuzi ya watoto wao kwa meno, kwa hatua ya kwanza, kwa siku ya kuvaa sare ya shule. Mimi wangu nilimhesabia pumzi. Alizaliwa akilia kwa sauti nyembamba, na kabla hajajua kukaa, kifua chake kilikuwa kishaanza kupiga filimbi. Pumu, daktari wa Kisii mjini akasema. Mtoto akatambaa akihema, akasimama akihema. Akianza kucheka na wenzake, kicheko kiliishia kwenye kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Alijua kuvuta dawa kwa inhela kabla hajajua kuandika jina lake. Nami nikanunua inhela ya pili, ya akiba, nikaiweka chini ya mto wangu. Bila kuipapasa nilikuwa sipati usingizi. Mume wangu alizoea kunitania kwamba kitandani petu tuko watatu: yeye, mimi na inhela.

Basi akafika gredi ya sita, Desemba ikaja na mambo yake. Kwetu Nyamira, mvulana wa umri huo hutahiriwa, kisha hukaa ndani ya saiga, ile nyumba ya vijana, mpaka apone. Mama yake haruhusiwi kumwona. Kutahiriwa kwenyewe hakukunitisha, kungefanywa na daktari kliniki. Kilichoninyima raha ni moto. Humo ndani huwashwa moto siku ya kwanza, na hauzimwi mpaka siku ya kutoka. Moto! Ndani ya nyumba ya udongo, na kifua kile ninachokijua mimi!

"Mama," nilimwambia mama mkwe tukichuma majani chai, "huo moto una lazima gani? Siku hizi kuna blanketi."

"Na siku hizi kuna midomo," akanijibu bila kuinua kichwa. "Baba yake alikaa na moto. Babu yake alikaa na moto. Wewe unataka wako akae na blanketi?"

Nikampelekea mume wangu kesi. Wapi! "Umeshakubali atahiriwe," akasema. "Maji ukiyavulia nguo..."

"Usinimalizie methali," nikamkata. "Mwenye pumu si wewe wala methali."

Aliingia saiga na wana wawili wa jirani. Mtunzaji wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu wa mzaha mwingi ambaye sikuwahi kumwamini hata na kuku. Mwanangu aliingia na inhela yake, lakini nilijua dawa iliyobaki humo si nyingi. Nilipotaka kumwuliza shemeji, akanipungia mkono: "Shemeji, ya huko tuachie wanaume." Nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Kazi yangu ikabaki kupika. Ugali wa wimbi, chinsaga, ile mboga yetu chungu, na maziwa. Naweka bakuli ukingoni mwa migomba, shemeji anakuja kulichukua, jioni analirudisha. Bakuli hilo ndilo lililokuwa likinipa habari za mwanangu. Likirudi jeupe, nafurahi, kwa maana anayehema hawezi kula. Likirudi na mabaki, siku yangu imeharibika. Dukani kwangu Nyakoe wateja walikuwa wakiniuliza bei ya sufuria nami nawatajia bei ya sahani.

Kisha mvua ikanyesha mfululizo. Nikasimama uani, nikaona moshi mzito ukitoka saiga na kutanda juu ya migomba. Kuni mbichi hizo! Nikaingia chumbani, nikaitoa inhela ya akiba chini ya mto, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaizika chini kabisa ya ugali. Nikasema moyoni, wanaume wabaki na siri zao, mimi nabaki na mwanangu.

Jioni bakuli likarudi limeoshwa vizuri. Ndani yake, kavu kabisa, imo inhela yangu. Hakuna salamu, hakuna neno.

Haki ya Mungu! Shemeji ameirudisha! Mtoto anakata roho, yeye analinda mila! Nikajifunga leso kiunoni, nikaingia migombani.

"Wewe!" mama mkwe akapiga kelele nyuma yangu. "Mama haendi huko!"

"Leo anaenda!"

Nilifika mgomba wa mwisho, ukuta wa saiga uko pale mbele yangu. Shemeji alikuwa anasimulia habari ya mbuzi aliyeingia kanisani siku ya Sabato akala maua ya madhabahuni mchungaji akiwa amefumba macho kwa maombi. Vijana wakaangua kicheko. Katikati ya vile vicheko nikakisikia cha mwanangu, kimeanza kuwa kizito kidogo, lakini ni chake. Nikaushika mgomba kwa mikono miwili, nikangoja kikohozi.

Kicheko kikapanda, kikashuka, kikaisha. Kikohozi hakikuja. Halafu nikamsikia akiuliza, "Nani amemaliza maziwa?"

Nikakaa chini juu ya majani yaliyolowa, nikalia kama mjinga, mkono mdomoni nisisikike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na raha yake pia. Mama mkwe akafika akitweta, tayari kunivuta sikio. Mle ndani wakacheka tena. Akasikiliza. Akachuchumaa kando yangu.

"Kidogo tu," akanong'ona, "halafu twende."

Siku ya kutoka walipakwa samli, wakavishwa nguo mpya, watu wa kanisa wakaja wakiimba. Mwanangu alinisalimu kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Nilivumilia mpaka nilipomkuta peke yake penye tangi la maji.

"Inhela yangu. Ni baba mdogo wako aliyeirudisha?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Ala! Na moshi ule wote?"

"Siku ya kwanza nilimweleza baba mdogo habari ya kifua changu. Akasogeza moto mlangoni, sisi tukalala upande wa dirisha. Moshi uliuona kwa sababu ulikuwa unatoka nje."

Kumbe yule mtu wa mizaha! Kumbe na huyu, niliyemvutisha dawa akiwa hajui kuandika, alikwenda akajisemea mwenyewe!

"Sasa si ungekaa nayo tu, hata kama huihitaji?"

Akatazama viatu vyake vipya. "Yangu ilikuwa inatosha. Na wewe ungelala na nini, Mama?"

Nilimwambia aende akale kabla wageni hawajamaliza nyama.

Jioni nikamkabidhi ile ya akiba aende nayo saiga, atakakolala tangu sasa, maana aliyetahiriwa halali tena nyumba moja na mama yake. Nikalala fofofo. Asubuhi mume wangu akalalamika kwamba yeye ndiye aliyekesha, ati kitanda kimekuwa kipana mno.