Mashapo ya Ndoo

Khairat hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiketi kula, mguu wake mmoja ulikuwa umeshaondoka. Mama yake, Mwanahija, alikuwa akisema mtoto aliyekulia baina ya foleni ya maji na foleni ya unga atajifunzia wapi kukaa? Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kenya, akasomea vijidudu chuoni Mombasa, akaolewa na baharia ambaye meli zinamjua kuliko mkewe, na miaka minne iliyopita akahamia Kismayo, Somalia, na mama yake. Mwanahija, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama karibu na hapo, alikuwa anarudi. Khairat alikuwa hajawahi kuuona mji huo hata siku moja.

Akapata kazi katika jumuiya ndogo ya maji: chumba kimoja, meza mbili na jokofu lililozimika kila umeme ulipokatika. Kazi yake ilikuwa ute. Kwenye tope la mikoko huishi bakteria ambao, wakilishwa sukari, hutoa ute mzito kama wa bamia. Ute huo ukikaushwa huwa unga mweupe, na unga huo ukikorogwa kwenye maji yenye madini ya risasi, huyanasa na kuzama nayo chini. Maji ya juu hubaki safi. Khairat aliwalea bakteria hao miaka miwili, akikimbia kuwatazama hata siku za Idi.

Risasi yenyewe haikuwa ya kutafutwa mbali. Hatua thelathini kutoka kisima cha mtaa wao palikuwa na ua ambamo kwa miaka mingi wavuvi waliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata chubwi za kuzamishia nyavu. Hawakukusudia ubaya. Majivu waliyafagia pembeni, mvua ikayashusha ardhini. Maji ya kisima yalikuwa matamu, hayana rangi wala harufu, na kipimo cha Khairat kilisoma mikrogramu sitini za risasi kwa lita, mahali ambapo hazikupaswa kuzidi kumi.

Akachagua nyumba kumi na moja za kujaribia, ya kwanza ikiwa yake. Akabandika maelezo ukutani kwa Kiswahili na Kisomali: tia kifuniko kimoja cha unga katika ndoo, koroga asubuhi, adhuhuri chota maji ya juu, ya chini mwaga. Wiki ya kwanza, sitini ikashuka hadi sita. Mwingine angelala usingizi mnono. Khairat alipita nyumba hadi nyumba akipima tena, mpaka watoto wa mtaa wakampachika jina la Mama Kipimo.

Wiki ya sita umeme ulikatika mapema, akarudi nyumbani adhuhuri. Uani alimkuta mama yake ameinama, ameshika bakuli, na mbuzi wao amezamisha mdomo ndani.

"Mama, unampa nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya chini ya ndoo. Yale ya ujiuji."

"Niliandika yamwagwe."

Mwanahija aliinuka polepole, mkono kiunoni. "Mchu wa Koyama hamwagi maji ya kunwa. Utotoni kule nimeshinda kisimani na kata tangu alfajiri, nikingojea dumu moja lijae. Leo niyamwage mchangani, nimwambie nini Mungu? Mnyama naye ana kiu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Na amenenepa, mwangalie."

Khairat alimwangalia. Risasi yote iliyotoka katika ndoo nzima ilikuwa imekusanyika katika bakuli moja, kila siku, kwa wiki sita, ikaingia tumboni mwa mbuzi. Na kila alasiri Sumeya, binti yake wa miaka miwili, alikunywa kikombe cha maziwa ya mbuzi huyo huyo.

Kipimo chake hakikuweza kusoma maziwa. Siku ile ile alimbeba mtoto hadi zahanati, damu ikatolewa, ikapelekwa Nairobi kwa ndege. Majibu baada ya siku tisa, aliambiwa.

Siku tisa hizo hakujua aziweke wapi. Alianza kufua akaacha nguo kwenye karai. Alimwamsha Sumeya mchana ili amsikie akitamka majina ya vitu, na mtoto alipokosea neno, akaona risasi imekwisha kumgusa ubongo, ingawa neno hilo hata wiki iliyopita alilikosea. Mwishowe akatoka, akabisha hodi katika zile nyumba kumi nyingine akiuliza swali moja tu: maji ya chini mnayapeleka wapi?

Katika nyumba tatu, za watu wa mjini, walikuwa wameyamwaga chooni. Saba zilizobaki zilikuwa za watu wa visiwani kama Mwanahija, na hapakuwa hata moja iliyoyamwaga. Hafswa aliwapa kuku. Mwingine alinyweshea mchicha. Fakihi, mshona nyavu kutoka kisiwa cha Chovai, alimwagilia mrehani wa mkewe, na alipoulizwa akacheka, akataka kujua kama Mama Kipimo amekuja kupima maji au kupima akili zao. Alipoelezwa, kicheko kikamwisha.

"Ungeandika ni sumu, mwanangu," alisema. "Umeandika mwaga. Hilo ni neno la mwenye bomba."

 Khairat alikuwa amesoma kila kitu kuhusu ute ule, isipokuwa mikono ambayo ingeushika. Akawapelekea wote madumu yenye vifuniko wakusanyie mashapo, akawaomba wasile mchicha wala mayai, wala mrehani wasiuguse, na kila nyumba akaeleza kisa cha bakuli bila kulitaja jina la mama yake. Haikusaidia. Mwanahija alikuwa amekwisha kupita mbele yake, akijitaja mwenyewe.

Nyumbani mama alikuwa akiosha kikombe cha mjukuu kilichokwisha kuoshwa. Siku ya saba aliuliza, bila kugeuka:

"Nimemdhuru mwanao?"

"Mimi ndiye niliyeandika, Mama."

"Sikukuuliza nani aliandika."

"Sijui bado," Khairat akasema.

Siku ya tisa simu ililia. Daktari wa Nairobi alisema risasi imeingia katika damu, zaidi ya inavyotakiwa, lakini haijafikia kiwango cha kutibiwa kwa dawa. Waondoe chanzo, wamlishe vizuri, wapime tena baada ya miezi miwili. Khairat akauliza kiasi gani kilitokana na maziwa na kiasi gani na kisima, ambacho maji yake mtoto aliyanywa tangu kuzaliwa. Daktari akasema hilo hakuna awezaye kumjibu.

Maziwa ya mbuzi yakakatazwa. Yalinunuliwa ya unga, na ya unga yanataka maji. Maji yaliyouzwa kwa mkokoteni hayakujulikana yametoka kisima gani. Yaliyojulikana ni yale ya ndoo.

Sumeya alikuwa akilia kwa njaa. Khairat akachota ya juu, akapima: sita. Akapima tena: sita. Mara ya tatu ikasoma saba, akaishikilia ile saba, akayarudisha maji, akachota mengine.

"Hiyo namba," Mwanahija akauliza, "ukiipima mara kumi itakuwa namba nyingine?"

"Haitakuwa."

"Basi mtoto ana njaa."

Alikichukua kikombe mkononi mwa bintiye, akakoroga maziwa, akanywa funda la kwanza yeye, kisha akakishikilia mdomoni mwa Sumeya. Mtoto akaonja, akakunja uso kwa ladha ngeni, akatema, akaonja tena. Khairat alihesabu kila funda lililoshuka. Kikombe kilipokwisha Sumeya akanyoosha mkono kutaka kingine.

Khairat akarudi kwenye ndoo. Akapima kwanza.