Habari ya Mashine

Kiwanda chetu kiko kando ya barabara kuu, ukitoka Voi kuelekea Maungu, na kinatengeneza bolti, nati na misumari. Mimi ndiye msimamizi wa matengenezo. Wageni wakiambiwa hivyo hutazama nyuma yangu kana kwamba kuna mwanamume amejibanza hapo, nami nimezoea kuwaacha watafute. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine haziharibiki, na zikiharibika, zisiharibikie juu ya mtu.

Mashine iliyokuwa ikininyima raha ni ile ya kupiga vichwa. Inavuta waya mnene, inaukata, kisha inagonga ncha ya kila kipande mpaka kipate kichwa cha bolti. Breki yake ilikuwa imechakaa. Ukiizima, gurudumu lake zito linazunguka likipungua taratibu, na mara mojamoja, unapodhani limemaliza, linapiga pigo moja zaidi. Kipande kikikwama humo ndani, anayeisimamia huizima na kuingiza mkono akitoe. Tuna sheria ya kutumia koleo, lakini koleo haifiki pale kinapokwama, na kila mtu anajua hivyo, pamoja na aliyeiandika sheria.

Aliyekuwa akiingiza mkono ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

Nilikuwa nimeshapanga kuifungua mashine hiyo na kuibadilishia breki nzima. Kisha meneja akatangaza kwamba tunatafuta programu ya matengenezo, na kwamba kazi zote kubwa zingoje kwanza, ili programu tutakayoichagua ianze nazo. Meneja wetu ni mtu wa bara, mpole, anayesalimia mpaka mlinzi wa geti kabla ya kuingia ofisini. Hasira yangu kwake haidumu, na hilo ndilo tatizo. Nilimweleza kuhusu breki. Akasema tungoje kidogo tu.

Programu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na visanduku vya kujaza vingi kuliko fomu ya pasipoti. Mafundi wangu waliitazama kwa adabu, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Ya pili ilikataa kufunguka mtandao ulipopotea, na mtandao kwetu hupotea upepo ukivuma vibaya. Ya tatu ililetwa na msichana mmoja kutoka Nairobi, mchangamfu, mwenye viatu ambavyo vumbi letu liliviharibu kabla haijafika chai ya saa nne. Hiyo ilizungumza Kiswahili. Mwisho wa zamu simu ilimwuliza kila anayesimamia mashine, kwa maandishi makubwa, Habari ya mashine? Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Cha kijani kiliandikwa Nzuri, chekundu kiliandikwa Mbaya.

Watu walifurahi. Hata mimi nilifurahi, nisijifanye. Ni mara ngapi mtu anayetuuzia kitu anakumbuka kwamba tuna lugha? Shemeji yangu alibonyeza Nzuri, simu ikamwambia Asante, nenda salama, naye akacheka na kuwaonyesha wenzake.

Meneja alipenda jambo jingine. Mashine ikijibiwa Nzuri mfululizo, programu yenyewe inasogeza mbele tarehe yake ya matengenezo, ili isisimamishwe bure. Na mtu akibonyeza Mbaya, programu inamtaka apige picha, aandike maelezo, na jina lake linaingia papo hapo kwenye simu ya meneja. Tukakubaliana kuijaribu kwanza kabla ya kuichagua.

Sasa, kwetu mtu akiulizwa habari, husema nzuri. Nyanya yangu alilala kitandani miezi yake ya mwisho hawezi hata kujigeuza, na ukimwuliza habari alikuwa akisema nzuri. Kisha ananyamaza. Kisha anasema, "Ila." Baada ya ile ila ndipo ungesikia habari zenyewe, miguu, kifua, usiku usioisha. Mtu anayeanza na ubaya anaonekana hana shukrani, au anajiitia mkosi. Basi mwenye kusikiliza vizuri hupokea ile nzuri, halafu anasubiri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua hali ya mashine zangu kabla ya simu. Jioni, tukinawa mikono bombani, nilimwuliza shemeji habari ya mashine. Nzuri, alisema, huku akisugua grisi kwenye kucha. Mimi nasubiri. "Ila leo imepiga baada ya kuzima." Siku kama hiyo niliingia na spana, nikaikaza breki ile kwa muda, nikalala.

Lakini simu haikusubiri. Ilipokea ile nzuri ikafunga mlango.

Nilifungua kompyuta asubuhi moja wakati wa majaribio nikaona tarehe ya mashine ya vichwa imesogea mbele. Baadaye ikasogea tena. Mashine niliyoiogopa kuliko zote ndiyo iliyokuwa ikienda mbali zaidi na fundi, kwa sababu aliyeisimamia ni mtu mwenye adabu kuliko wote. Nilimpigia yule msichana wa Nairobi nikamwuliza, mtu akitaka kusema ila, anaisema wapi?

"Kama kuna shida, madam, anabonyeza tu Mbaya."

Nikamweleza kwamba si mbaya, ni nzuri, ila. Akacheka vizuri, bila dharau, akasema ni wazo zuri na atawapelekea wanaotengeneza programu.

Nikamwendea shemeji. Nilimwambia abonyeze Mbaya, basi, hata mara moja. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa amtukane mzazi wake.

"Shemeji, hii mashine imenisomeshea watoto. Sasa niende niiseme mbaya kwa simu ya bosi?"

"Na ikikata huo mkono, itasomesha nani?"

Akasema yeye anaijua, wamezoeana, na tena wanaotafuta kandarasi za muda wako wengi nje ya geti wakingoja jina la mtu liwe jekundu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniitikia kwa heshima, kama anavyoniitikia siku zote, na jioni akabonyeza Nzuri.

Kwenye mkutano wa kuchagua nilisema yote. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kompyuta yake nione, kijani kutoka juu mpaka chini, akaniuliza kwa upole kama mimi naijua mashine ile kuliko mtu anayesimama mbele yake kutwa nzima. Lilikuwa swali la haki. Breki niliikaza mwenyewe mara nyingi. Pengine ingedumu, sina hakika hata leo. Programu ikachaguliwa, mafundi wakapiga makofi, na kazi ya breki ikawekwa mahali programu ilipoiweka, mbele huko.

Baada ya hapo bombani pakabadilika. Nilikuwa nikimwuliza shemeji habari ya mashine, anasema nzuri, nami nasubiri, naye anafunga bomba na kufuta mikono kwenye suruali. Mwanzoni nilidhani amenikasirikia. Kumbe alikuwa ameshajibu, dakika chache nyuma, na simu imeshamshukuru. Jambo limekwisha. Nikawauliza na wengine. Nzuri, nzuri, nzuri. Sijawahi kusikia kiwanda chenye afya namna ile, na sijawahi kuogopa hivyo.

Siku moja nilikuwa napita nyuma yake nikamwona ameizima mashine na mkono umeshaanza kwenda. Gurudumu lilikuwa bado halijatulia vizuri. Nilipiga kelele, akauvuta mkono, na mashine ikapiga. Pigo moja, juu ya hewa. Kila mtu pale karibu alilisikia. Nikaenda ukutani nikakata umeme wote wa upande ule.

Shemeji alinifuata. Hakuwa na hasira, uso wake ulikuwa umekauka tu. Alisema nikiizima mimi bila jekundu, meneja atauliza kwa nini yeye alikuwa akisema nzuri wakati wote ule. Atakuwa mwongo wa tangu mwanzo. Nilimwambia nitasema ni mimi, nitasema breki, nitasema lolote.

"Shemeji, nakuomba," akasema. "Usinivunjie kazi."

Alinyoosha mkono ule ule juu ya bega langu akarudisha umeme. Nilikuwa na uwezo wa kumzuia. Mimi ni mkubwa wake kazini na nyumbani, na nilisimama pale nikamwacha apite. Jioni nilimweleza meneja. Aliandika, akashukuru, akasema tuiangalie wiki hii programu itasemaje.

Mdogo wangu anakaa Ronge na watoto, analima. Hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili hiyo alinieleza mvua, akanieleza mbuzi wa jirani aliyeingia shambani, akacheka. Kisha akaniuliza, kama anavyouliza siku zote, mashine ya huyu bwana habari yake.

"Nzuri," nikamwambia.

Akanyamaza. Tumelelewa nyumba moja, nilijua anasubiri nini. Nilimsikia akipumua, nikasikia mtoto wake akimwita mwenzake nje. Maneno yalikuwa kinywani mwangu, yote. Niliogopa kwamba nikiyasema atamwuliza mumewe, na mumewe atamwambia ni nzuri, na kutoka hapo hata mimi hatanisikiliza tena. Akaendelea kusubiri.

Nikamwuliza kama mahindi yameanza kutoa mbelewele.