Gitaa Lililonishika Kifuani

Juzi pale Maili Moja nilimwona kijana akijaribu gitaa la besi dukani, hofu ya zamani ikanirudia. Baba Mdogo, mpiga besi wa bendi ya dansi, kwake Kisarawe alikuwa na magitaa hayo ukuta mzima. Alasiri moja nikiwa mtoto, chumba kikinuka vanishi, aliniegemeza mgongo kwenye spika, akayapiga moja moja. Vikombe vikalia kabatini.

“Limekushika wapi, mwanangu? Tumboni au kifuani?” aliuliza kwa kelele.

Nilidhani kuna pepo anayetafuta pa kuniingilia. Nikanong’ona, “Kifuani.”

Akanikazia macho midomoni. “Sema tena!”

“Kifuani, Baba!” nikalia.

Akachagua hilo la kwenda nalo kwenye dansi. Leo najua masikio yake yalikuwa yakiziba, akitumia kifua changu kumsikilizia, na aliyeogopa zaidi mle chumbani hakuwa mimi.