Posa ya Kwenye Barafu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika la Chanika. Mbele yangu bibi mmoja alimgeukia mwalimu wa shule.

"Mwalimu, ati ile sinema wewe uliiona Korogwe mpaka mwisho?"

Sote tukatega masikio. Gari la sinema lilipokuja kwetu, mkanda ulikatika pale binti wa Kizungu alipoanguka kwenye barafu, katikati ya mashindano ya kuteleza, mbele ya meza ya waamuzi. Kijana anayeteleza naye, ambaye walikuwa wakigombana naye tangu mwanzo, ndiyo kwanza alikuwa anamnyooshea mkono. Wiki nzima Chanika haikutulia.

"Niliiona, bibi. Binti aliinuka, wakashinda."

"Kushinda sikuulizi." Bibi akajishika kiuno. "Kamshika hapa mtoto wa watu, baba yake anatazama. Alimuoa?"

"Alimuoa."

"Na wale wazee wa mezani, wanaoinua vibao, waliikubali posa?"

Mwalimu aliitazama foleni nzima. "Waliikubali wote, bibi."

"Alhamdulillahi!"

Foleni ilishusha pumzi. Hata muuzaji aliweka chini kopo la kupimia.

Barafu hatuijui. Lakini kuanguka mbele za watu tunakujua sana, na hakuna asiyetamani kuinuliwa na yule waliyegombana naye asubuhi.

Sukari iliisha nikiwa wa tatu kutoka dirishani. Nilirudi mikono mitupu, na nilipohakikisha njiani hakuna mtu, niliteleza hatua mbili tatu kwenye vumbi.