Bahari Chini ya Kisima

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mtaimbo wa kaka yangu uligonga mwamba chini ya kisima chetu cha Kwedizinga. Kiangazi kilikuwa kimekikausha, naye alishuka kukichimba zaidi. Mimi nilikuwa nimetoka Korogwe kwa ajili ya mwamba huo. Ndoo ilipopanda, juu ya kifusi palikuwa na jiwe jeusi, ukubwa wa ngumi, lililoacha weusi wa kung'aa vidoleni. Kinywe, madini ya risasi za penseli.

Nimejisomea habari za mawe haya kwa miaka, jioni, baada ya kazi ya kupima mahindi ghalani. Yalikuwa matope ya sakafu ya bahari ya kale mno. Huko chini maji hayakuwa na hewa, hivyo mabaki ya viumbe hayakuoza yote. Matope yakazikwa, yakapikwa na joto la ardhini. Ndani yake hubaki molibdeni, metali moja yenye chembe nyepesi na nzito, na uwiano wa chembe hizo unaweza kueleza bahari za wakati ule zilikuwa na hewa kiasi gani. Mtafiti mmoja niliyezoea kumuuliza maswali kwa simu alikubali kulipima jiwe. Alionya kwamba joto huenda limefuta mengi. Mawe ya juu ya ardhi hakuyataka, kwa kuwa mvua zimeyachuja.

Nililiweka barazani, nikarudi kuvuta ndoo. Baadaye nikamkuta mama amelipakata, linameremeta.

"Mama, umelifanya nini?"

"Nimelisugua kwa majivu na waya wa sufuria, nikalipaka mafuta. Ulitaka lisafiri limepauka? Huko watasema halina mama."

Kaka alisikia kutoka shimoni. "Mbona mimi nikisafiri hunipaki?"

"Wewe una mke. Chimba!"

Nilimpigia mtafiti. Akasema waya una metali zake, na kama jiwe lina nyufa, majivu na mafuta yameshaingia. Lilikuwa na nyufa. Akaomba jingine, kutoka palepale.

Kabla sijafika kisimani nilisikia kelele. Kaka alikuwa amepanda, suruali imelowa hadi magotini, na nyuma yake maji yalikuwa yanajaa. Nilipekua kifusi chote; changarawe tu. Ningeweza kuomba maji yachotwe, ashuke tena. Mama alikuwa ameshika kata ya kwanza kwa mikono miwili, akinywa huku amefumba macho. Sikuomba.

Nikienda nyumbani huinama pale ukingoni. Mwamba uko mita chache tu, na juu yake maji matamu. Natamani kujua bahari ile ilivyokuwa, kama mtu anavyotamani kusikia sauti ya babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa.

Pesa nilizotenga kumtumia mtafiti kifurushi hazikutumika. Niliokoa shilingi elfu themanini na tano.