Siku Hajira Alipotaka Watu Wahesabiwe

Hajira alikuwa fundi cherehani katika kijiji cha Kwamzungulu, Handeni. Aliolewa hapo akitokea Makuyuni, upande wa Korogwe, akazaa, akafiwa na mume, akabaki. Bunge la bajeti likianza, redio yake haizimwi. Waziri anasoma kule, Hajira anakanyaga pedeli huku akimjibu: "Uzi nanunua na kodi yake. Vocha naweka na kodi yake. Halafu mnasema mwanamke wa kijijini halipi kodi!" Wateja walicheka, wakambandika jina la Mbunge. Alikuwa mbunge wa barazani, na mbunge wa barazani hamtishi mtu.

Mambo yalibadilika mwaka ambao serikali ya kijiji ilitaka kuufungua msitu. Wafanyabiashara wa mkaa walikuwa tayari kulipa ushuru kwa kila gunia, na mwenyekiti, Mustafa, alisema ushuru huo ndio utakaoezeka zahanati, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama miaka minne bila bati. Lakini msitu ule ndio uliotunza chemchemi, na Handeni kila mtu anajua maana ya ndoo moja ya maji mwezi wa tisa.

Ijumaa, watu wakitoka kuswali, Sabiri alipita barazani kwake. Sabiri alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na maisha yake yote yalikuwa kwenye tanuri la mkaa.

"Shemeji, Jumapili kwenye mkutano ukae kimya."

"Kwa nini nikae kimya?"

"Shamba unalolima ni la kaka yangu. Wazee wa ukoo hawajakuuliza kitu mpaka leo. Usiwafanye waanze kuuliza."

Hajira alirudi kwenye cherehani. Alishona shati lililokuwa mkononi, akalimaliza, ndipo akaona kuwa mkono mmoja ameuweka nje ndani. Akakaa kuufumua, uzi baada ya uzi.

Jumapili watu walijaa uwanja wa shule. Mwenyekiti Mustafa alisoma pendekezo haraka haraka, akauliza, "Wanaokubali?" Vijana waliokuwa mbele wakapiga kelele. "Limepita," akasema, akafunga daftari.

Hajira alijikuta amesimama. Akashika bega la mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Mwenyekiti, hatujahesabiwa."

"Kaa chini, Mbunge!" mtu akapaza sauti, wengine wakacheka. Safari hii kicheko kilikuwa kikavu.

"Nitakaa nikishasema. Zahanati naitaka kuliko wengi wenu. Mume wangu alikata roho juu ya bodaboda, mnakumbuka, tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia ya hospitali. Lakini mazao yetu yanatozwa ushuru kila msimu. Sabuni tunanunua na kodi, mafuta tunanunua na kodi. Zahanati hiyo tumeshailipia! Sasa ikifika zamu ya kurudishiwa chetu, tunaambiwa tukate msitu tujijengee wenyewe. Na miti ikiisha, maji yakikauka, tutauza nini tena?"

Sabiri aliruka juu. "Huyu si wa hapa! Katoka kwao Makuyuni kuja kutupangia!"

Uwanja ukavuma. Mwenyekiti akamwonyesha mgambo kwa kidole, na mgambo akaja akamshika Hajira mkono juu ya kiwiko. Alimshika kwa nguvu. Hajira aliona nyuso za watu zikiinama moja moja, nyuso za watu aliowashonea nguo za harusi, na moyo ukamwambia kwamba hapa yuko peke yake.

Ndipo Bi Maryamu akainuka. Bibi huyo hakuwa na desturi ya kusema mikutanoni. Aliinuka kwa taabu, akajishika kiuno.

"Mwache," alimwambia mgambo. "Mimi nimezaliwa hapa, na mama yangu kazaliwa hapa. Na mimi pia sijahesabiwa."

Mgambo akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akautazama umati, kisha akamwashiria amwachie. Mkono wa Hajira ukaachiwa.

Wanaokubali wakaambiwa wasimame upande wa madarasa, wanaokataa upande wa goli. Hajira na Bi Maryamu walikwenda golini wawili, jua likiwapiga. Kisha wakaja wanawake watatu. Kisha mzee mmoja mfugaji. Kisha watu wakawa wanakuja bila kutazamana. Fatu, mke wa Sabiri, alisimama katikati ya uwanja akishika ncha ya kanga, kisha akamfuata mumewe.

Mia moja arobaini na mmoja walikubali. Mia moja na kumi na wanane walikataa.

Hajira alishindwa. Ila watu mia na kumi na wanane si kelele za barazani; mtendaji wa kijiji ilimbidi aandike idadi kwenye muhtasari, na kabla watu hawajatawanyika mwenyekiti akakubali kwamba mteremko wote wa chemchemi usiguswe na shoka. Malori yalikuja mwezi uliofuata, yakabeba mkaa wa miti ya mkambala ya upande wa pili hadi vilima vikabaki uchi. Zahanati ilipata bati za nusu ya paa.

Wazee wa ukoo nao walikaa. Wakamkatia Sabiri nusu ya shamba, ile iliyo bondeni, yenye udongo mzuri. Hajira aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Nimesikia, wazee wangu," akaenda zake. Alilia alipofika nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mvua za vuli zilipoanza, alikuwa akilima ile nusu iliyobaki alipomwona Fatu anakuja na jembe begani. Alishika mstari wa pili, akaanza kulima.

"Sabiri anajua uko hapa?" Hajira akauliza.

"Anajua."

Wakalima mpaka jua lilipokuwa kali.