Nyaya Mbili Udongoni

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, hapa Lubumbashi, siku za Katanga kujitenga. Tangu hapo nimehama sana, Kolwezi, Ndola, Kalemie, na kila nisikiapo radio ikinguruma, alasiri ile hunijia.

Mume wa Mama Ngalula, jirani yetu, alikuwa amepanda treni kurudi kwao Kasai, maana watu wa kwao hawakuwa tena na usalama mjini. Mama Ngalula alibaki na watoto, asijue kama mumewe yu hai. Radio ilisoma salamu za waliotengana, kila jina mara moja tu. Ukilikosa, umelikosa.

Mimi nilikuwa na radio, na ampli ya kuikuza sauti, na spika kubwa niliyoiweka dirishani ili ua wote usikie. Waya wa radio wa kuushusha umeme ardhini niliufunga kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa udongoni. Wa ampli, kwenye bomba la maji. Basi siku hiyo spika ikanguruma mmmmm, na sauti ya msomaji ikazama humo.

“Njo ndege inapita, inaharibu radio,” alisema Yaya Ilunga, mkubwa wetu wa mlango wa pili, akitazama juu. “Ongeza shaba, bwana! Kidole kimoja hakivunji chawa.”

Katika mji wa shaba, kila shida tuliitibu kwa shaba. Tukapigilia fimbo nyingine, tukaimwagia maji ya chumvi. Mngurumo ukanenepa.

Mama Ngalula alisimama, maharagwe aliyokuwa akichambua yakimwagika kutoka mapajani.

“Weye mwana, unaongeza tu, unaongeza tu! Jina ya bwana yangu iko mule mu kelele. Anza kutosha! Ondoa kimoja kimoja!”

Hakujua lolote la umeme, naye alisema kwa hasira. Nikang'oa fimbo ya pili. Bado. Nikafungua waya wa bombani.

Kimya! Mwanangu, sijawahi kusikia kimya kama kile. Ampli bado ilifika udongoni kupitia radio, lakini sasa kwa njia moja. Zilipokuwa mbili, umeme ulizunguka baina ya njia hizo ukiimba peke yake. Njia mbili zilimshinda fisi, nasi tulimlaumu rubani.

Kisha msomaji, karibu kama aliye mlangoni, akamtaja mume wa Mama Ngalula: yu mzima, anawaulizia watoto. Mama aliketi chini taratibu, akaweka kiganja kwenye spika, kama mtu apapasaye kifua cha mgonjwa aliyepona.

Mwanangu, nyumba yako ikinguruma, iwe kwa ndoa, kwa ndugu au kwa kazi, usikimbilie kuongeza maneno wala watu wa kuamua. Ondoa kimoja, usikilize. Ondoa kingine, usikilize tena. Mara nyingi tulilolifunga sisi wenyewe ndilo linalonguruma.

Mungu akupe sikio lenye subira, na unayemngojea jina lake likufikie akiwa mzima.